TUTAFUTE KOSA, TUSITAFUTE MKOSAJI

Kila mara wanachuo wetu wanaporudi kutoka mazoezi ya kufundisha huandika taarifa, na mwisho wa kila taarifa huwapo sehemu iitwayo "Matatizo". Nimezisoma taarifa hizo kwa miaka kadhaa, na sehemu hiyo hufanana mwaka hadi mwaka. Wanafunzi ni wazito. Wazazi hawashirikiani na shule. Kompyuta ni mbovu. Mtandao hakuna. Ukiyatazama maneno hayo kwa makini utaona kwamba katika kila sentensi yumo mkosaji, lakini kosa lenyewe halimo. Tunaambiwa nani wa kulaumiwa. Hatuambiwi ni kitu gani kilichokwenda kombo, wala kilikwenda kombo katika hatua ipi.

Hoja yangu katika makala hii ni kwamba mwalimu wa shule ya msingi hana budi kufundishwa kulitafuta kosa kwa utaratibu, na kwamba mahali pazuri pa kujifunzia kazi hiyo ni pale ambapo hakuna mtu wa kusingiziwa. Nitatoa mfano wa kompyuta moja iliyoshindwa kuzungumza na nafsi yake. Ndugu mwanachuo ambaye hajapata kuishika kompyuta asiikimbie makala hii, kwa maana aliyeufungua mlango katika kisa nitakachosimulia alikuwa mgeni wa mashine hizo kama yeye.

Kisa chenyewe

Katika muhula mmoja kundi la wanachuo lilirudi kutoka shule za kata ya Nyabusozi, wilayani Biharamulo. Walikuwa wamefundisha kusoma katika Darasa la Pili kwa njia mbili: mikondo mingine kwa kuanza na silabi, na mingine kwa kuanza na hadithi fupi. Walileta alama za majaribio. Wastani wa njia moja ulizidi kidogo wastani wa njia nyingine, na papo hapo wakataka kutangaza mshindi. Nikawauliza: mnajuaje kwamba tofauti hiyo si bahati nasibu tu?

Iko njia nyepesi kueleweka ya kulijibu swali hilo. Chukua alama zote za mikondo yote, zitie katika kapu moja, zichanganye, kisha zigawe upya katika mafungu mawili bila kujali nani alifundishwa kwa njia ipi. Pima tofauti ya wastani. Rudia tena na tena, maelfu ya mara. Ikiwa tofauti kubwa kama ile mliyoiona hutokea mara nyingi kwa kuchanganya tu, basi hamna haki ya kusema kwamba njia moja imeishinda nyingine.

Kazi hiyo haifai kufanywa kwa mkono, bali kompyuta huifanya bila kuchoka. Tulitumia programu iitwayo R, ambayo hupatikana bila malipo na ambayo ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand. Kompyuta yetu ilikuwa kuukuu, ikiendeshwa kwa mfumo wa Linux, na hesabu zilikuwa nyingi, kwa kuwa kila swali la jaribio lilihesabiwa peke yake. Ili kuokoa muda niliamua kuigawa kazi hiyo katika sehemu nne zitakazokwenda sambamba.

Vibarua ndani ya mashine

Hapa yafaa nieleze kidogo. Programu inapokuwa kazini ndani ya kompyuta huitwa mchakato. Kompyuta nyingi za siku hizi zina kichakataji chenye viini viwili, vinne au zaidi, na kila kiini chaweza kushika kazi yake. Lakini R ikiachwa ilivyo hutumia kiini kimoja tu kwa hesabu za namna ile, na vingine hukaa bure, kama vibarua waliofika kwenye palizi wakakuta jembe moja. Ndiyo maana tangu mwaka 2011 R ina sehemu maalumu ya kugawa kazi. Mchakato wa kwanza huwa msimamizi, naye huanzisha michakato mingine ambayo nitaiita vibarua. Kila kibarua hupewa fungu lake la kazi, na akimaliza hurudisha majibu kwa msimamizi.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni hili: msimamizi na vibarua wake, ijapokuwa wamo ndani ya sanduku moja, hawaonani. Kila mchakato una kumbukumbu yake, na mfumo wa kompyuta haumruhusu mmoja kuchungulia ya mwenzake. Ili wapate kuzungumza, hapana budi mmoja abishe hodi na mwingine afungue, kana kwamba mmoja anakaa Nyabusozi na mwenziwe anakaa Rusumo. Msimamizi hufungua mlango wenye namba, ambayo R huichagua kwa bahati nasibu kati ya 11000 na 11999, akakaa hapo kusikiliza. Kila kibarua huambiwa: mtafute msimamizi katika anwani fulani, mlango namba fulani. Anwani hiyo ni ya mashine yenyewe. Kwa namba huandikwa 127.0.0.1, na kwa jina huitwa localhost, maana yake "mashine hii hii". Vibarua wakiisha kubisha na kufunguliwa, kazi huanza. Wasipofika, msimamizi huwangoja dakika mbili, kisha hutangaza kwamba wameshindwa kuunganishwa.

Ndivyo ilivyotutokea. Tulitoa amri, tukangoja, na baada ya dakika mbili ikaja habari kwamba katika vibarua wanne hakuna hata mmoja aliyeunganishwa. Tulirudia. Jibu likawa lile lile.

Jinsi tulivyokosea

Mwanachuo mmoja alisema mtandao umekatika, akaenda kuchomoa waya na kuuchomeka tena. Mwingine alizima kompyuta na kuiwasha. Wa tatu alipendekeza programu yote ifutwe na kupakiwa upya, tukafanya hivyo, tukapoteza asubuhi nzima. Hakuna lililosaidia. Wala halikuweza kusaidia, kwa maana waya hauhusiki kabisa pale mashine inapojibishia hodi yenyewe. Ule mlango na yule abishaye wote wamo ndani. Ungeukata waya kwa shoka, msimamizi na vibarua wangepaswa kuendelea kusikilizana.

Nami sikuwa bora kuliko wao. Siku iliyotangulia kijana mmoja alionekana akichomeka flashi yake katika kompyuta ile bila ruhusa. Sikuuliza zaidi. Nilitamka mbele ya wenzake kwamba ameiletea mashine virusi, nikamzuia kuingia katika chumba cha kompyuta kwa wiki mbili. Nilijisikia nimeitatua shida, kumbe mashine ilikuwa vile vile. Nilikuwa nimempata mkosaji, na kule kumpata kulininyima hamu ya kulitafuta kosa.

Ndugu wanachuo, tabia hiyo ni kongwe, na taifa zima limepata kuionja. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, mwaka ule ule wa Azimio la Musoma, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya mashine kushindwa kutimiza yale yaliyotarajiwa katika hesabu za serikali, na wakati ambapo fedha za kigeni zilikuwa adimu. Sisemi kwamba waliokata shauri hilo hawakuwa na sababu, walikuwa nazo. Marufuku ile ilizuia hasara, lakini haikuweza kumfundisha mtu yeyote ni hatua ipi ya kazi iliyopotosha hesabu. Baadaye ililegezwa, na ilipolegezwa tulikuwa na kazi ya kujifunza ambayo tungeweza kuianza mapema. Mashine iliyozimwa haitoi hasara, na vilevile haitoi somo.

Swali lililofungua njia

Siku ya tatu tulikuwa tumekwisha kata tamaa. Ndipo mwanachuo mmoja kutoka Ngara, mama wa makamo ambaye hata kuchapa barua bado kulimsumbua, aliponyosha mkono. Akasema: "Mwalimu, kwetu tukikodi vibarua na palizi isifanyike, swali la kwanza ni hili: wametoka nyumbani wakalikosa shamba, ama hawakutoka kabisa?"

Darasa lilicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilitambua kwamba kwa siku tatu hakuna aliyeuliza swali hata moja. Tulikuwa tukitoa majibu tu.

Tukafungua orodha ya michakato iliyo kazini, tukatoa amri tena, tukatazama. Vibarua wanne walitokea katika orodha, wakakaa dakika mbili, wakatoweka. Basi walikuwa wametoka nyumbani. Kwa kuuliza swali moja tuliondoa nusu ya dhana zetu: programu haikuharibika, kumbukumbu ya kompyuta haikupungua, na kama kulikuwa na virusi, havikumzuia kibarua kuzaliwa.

Swali la pili: walikwenda wapi? Kwa kawaida maneno ya vibarua hutupwa. R haiyaonyeshi mpaka uombe yaandikwe katika faili. Tuliomba yaandikwe. Kila kibarua alikuwa ameacha neno lile lile: alibisha kwa localhost, katika namba ya mlango aliyopewa, na mlango haukufunguka. Walikuwa wakisema tangu siku ya kwanza, ila hatukuwa tumetega sikio.

Swali la tatu: je, hiyo localhost iko wapi? Tuliibishia hodi mashine kwa namba, 127.0.0.1. Ikajibu mara moja. Tuliibishia kwa jina. Kimya. Na katika kioo ilionekana kwamba jina lile lilikuwa likielekeza kwenye anwani nyingine kabisa, anwani ya seva ya zamani ya chuo ambayo ilikuwa imekwisha ondolewa. Vibarua wetu walikuwa wakitoka nyumbani kila mara, wakafuata jina walilopewa, wakabisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu.

Kila kompyuta ina faili dogo la majina, ambamo jina huandikwa kando ya anwani yake. Tulilifungua. Mstari wa localhost ulikuwa umebadilishwa. Na aliyeubadilisha nilikuwa mimi. Miezi kadhaa nyuma niliandika katika faili hilo majina ya tovuti nilizotaka kuzifunga, zote zikielekezwa 127.0.0.1. Kisha nikapenda zielekezwe kwenye seva ya chuo, ili atakayezifungua aone tangazo. Nikaiamuru kompyuta ibadilishe namba hiyo kila inapoionekana. Ilitii. Ilibadilisha kila mahali, pamoja na mstari mmoja ambao haukupaswa kuguswa. Wahenga walisema nyani haoni kundule.

Nilimwita yule kijana mbele ya darasa lile lile nililomwaibishia, nikamtaka radhi. Alikuwa na kosa lake la kuchomeka flashi bila ruhusa, na hilo tulilizungumza peke yake. Lakini halikuwa kosa lililokuwa mezani, nami niliyachanganya mawili kwa kuwa ilinifaa.

Kwa nini kosa hili ni mwalimu mzuri

Kosa linapotokea kati ya mashine mbili zilizo mbali, visingizio ni vingi. Utasema waya, mnara, mvua, kampuni ya simu, wenzetu wa upande wa pili. Visingizio hivyo mara nyingine huwa kweli, na ndiyo maana hutulevya. Kosa linapotokea ndani ya mashine moja, visingizio hivyo vyote huanguka. Hubakia hatua chache zinazoweza kuhesabika, na kila hatua yaweza kupimwa. Kwa maoni yangu hilo ndilo darasa la kufaa. Hatua hizo nimeziandika hapa kama maswali, kwa mfuatano ambao ningependa kila mwanachuo aukariri.

Kwanza, je, vibarua wamezaliwa? Tazama orodha ya michakato. Wasipoonekana, huenda kumbukumbu haitoshi, au programu haikupatikana mahali ilipotafutwa, au kuna maagizo ya kuanzia yenye kosa yanayowaua kabla hawajasimama.

Pili, je, msimamizi anasikiliza? Mlango wenye namba moja hauwezi kufunguliwa na michakato miwili isiyohusiana kwa wakati mmoja. Mara nyingine hushikwa na masalia ya kazi ya jana iliyokatika. Hapo kuzima na kuwasha mashine husaidia, kwa kuwa masalia hufutika. Lakini asiyejua sababu atazima na kuwasha maisha yake yote.

Tatu, je, jina linaelekeza kwenye anwani sahihi? Hilo ndilo lililotupata sisi. Bisha kwa namba, kisha bisha kwa jina, ulinganishe.

Nne, je, yuko mlinzi anayezuia? Kompyuta nyingi zina programu ya ulinzi inayokagua wanaobisha hodi, na baadhi huwa kali mno hata huwazuia wenyeji wa nyumba.

Tano, je, wamekutana kwa wakati? Toleo la 4.0.0 la R, lililotoka mwaka 2020, lilianza kuwaanzisha vibarua wote kwa pamoja badala ya mmoja baada ya mwingine. Baadhi ya waliotumia kompyuta za Mac, wakifanya kazi ndani ya programu ya RStudio, waliona vibarua wao wakishindwa kuunganishwa, na dawa ya muda ikawa kurudia utaratibu wa kale wa mmoja mmoja. Waliohusika hawakuwa wamefanya ovyo. Utaratibu wa kuanza ndio uliobadilika.

Maswali haya si ya R peke yake. Watafiti wanaogawa kazi katika kompyuta kubwa hutumia kanuni ziitwazo MPI, zilizotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1994, na nao hukuta kazi zimekwama kwa sababu ya jina lisiloelekeza mahali, au mlinzi aliyefunga njia.

Kosa la jina katika darasa

Msomaji ataniuliza: haya yana nini na mtoto wa Darasa la Kwanza? Yana mengi. Katika ziara ya kuwakagua wanachuo niliingia katika darasa moja ambamo mtoto mmoja alikuwa na alama ya utoro karibu kila siku, ingawa alikuwa ameketi pale pale mbele yangu. Mwanachuo alinieleza kwamba mtoto huyo haitikii akiitwa. Pengine hasikii vizuri, au ni mzito. Nilimsemesha mtoto kwa sauti ya chini kutoka nyuma yake. Aligeuka mara moja. Basi masikio yalikuwa mazima. Nikamwuliza anaitwaje. Akataja jina ambalo halikuwamo katika daftari. Aliyempeleka kuandikishwa alikuwa ametaja jina la ubatizo, ambalo nyumbani hakuna aliyelitumia. Mama na bibi walimwita kwa jina la kwao.

Mtoto hakuwa mtoro wala mzito. Mwalimu naye hakuwa mzembe, kwani alimwita kila asubuhi. Jina ndilo lililokuwa likielekeza kwenye nyumba isiyo na mtu. Laiti mwanachuo yule angeuliza maswali matatu kwa mfuatano — yupo? anasikia? anajua kwamba anaitwa yeye? — angeligundua kosa siku ya kwanza. Badala yake alichagua mkosaji, na mkosaji alikuwa na umri wa miaka sita.

Katika eneo kama hili, ambamo watoto wengi hufika shuleni wakisema Kisubi, Kihangaza, Kiha au Kisukuma kabla ya Kiswahili kukomaa vinywani mwao, makosa ya namna hiyo ni mengi. Swali hutoka kwa mwalimu, jibu halirudi, na katikati kuna hatua nne au tano ambazo hakuna anayezipima. Neno "mzito" huzifunika zote. Kosa la kompyuta lilitugharimu siku tatu. Kosa la daftari laweza kumgharimu mtoto masomo yake yote, kwa maana anayeandikwa mzito katika Darasa la Kwanza huketishwa nyuma, na anayeketishwa nyuma haulizwi tena.

Somo lisilohitaji kompyuta

Shule nyingi hazina kompyuta, na zilizo nazo huwa na moja katika ofisi ya mwalimu mkuu. Hilo lisiwe kizuizi. Nimelijaribu somo lifuatalo kwa chaki na vipande vya karatasi, katika Darasa la Tano na la Sita, nalo huchukua vipindi viwili.

Mwanafunzi mmoja awe msimamizi, aketi nyuma ya dawati lililoandikwa namba kwa chaki. Wanne wawe vibarua, wasimame nje. Ukutani ibandikwe orodha ya majina inayoonyesha kila jina ni la dawati lipi. Mmoja awe mlinzi mlangoni. Kila kibarua apewe karatasi yenye jina la msimamizi na namba ya dawati. Akifika apewe hesabu ya kufanya na kurudisha jibu. Zoezi likiisha kueleweka, mwalimu afiche kosa moja bila darasa kujua: namba isiyo sahihi katika karatasi, mstari uliobadilishwa katika orodha, mlinzi aliyeagizwa kukataa, au msimamizi aliyeagizwa kutotega sikio. Kisha kazi ianzishwe, ikwame, na darasa litafute kosa.

Sheria ziwe tatu. Kuuliza swali moja kwa wakati mmoja. Kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Na hairuhusiwi kumtaja mtu kuwa ndiye aliyeharibu. Ubaoni pachorwe safu tatu: tulidhani nini, tulijaribu nini, tuliona nini. Utaona ajabu. Watoto wale ambao hunyamaza katika Hisabati ndio mara nyingi huuliza swali la kufaa, kwa sababu nyumbani wamekwisha mtafuta mbuzi aliyepotea, na mtafuta mbuzi hufuata nyayo, halaumu.

Pingamizi na majibu

Wako wenzangu wanaosema kwamba utaratibu huu unachelewesha. Mwalimu ana watoto wengi na kipindi kifupi. Akianza kuhoji kila hatua, mada haitakwisha. Nakubali kwamba muda ni mchache. Hata hivyo sisi tulitumia siku tatu katika kulaumu, na saa isiyozidi moja katika kuuliza.

Wako pia wanaosema kwamba bila kumpata mkosaji hakuna nidhamu. Hapa sina budi kuwa wazi. Wako wanaofanya makosa kwa makusudi, na wanastahili kuwajibishwa. Lakini huwezi kumwajibisha mtu kwa haki kabla ya kulijua kosa. Ukilitafuta kosa kwanza, mkosaji kama yupo atajulikana. Ukimtafuta mkosaji kwanza, utampata yeyote aliye karibu, na mara nyingi aliye karibu ni mnyonge kuliko wewe.

Mwalimu Nyerere, katika maandishi yake ya mwaka 1967 juu ya Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule zetu zimjenge mtoto mwenye akili ya kudadisi. Udadisi huanza pale mtu anapokubali kwamba hajui sababu, akaenda kuitafuta. Mwalimu mwenye jibu kabla ya swali hawezi kuufundisha.

Mwisho

Tulipousahihisha mstari ule, vibarua wanne waliunganishwa mara moja, na hesabu zikaenda vizuri. Zilituonyesha kwamba tofauti kati ya zile njia mbili za kufundisha kusoma ilikuwa ndogo kiasi cha kuweza kutokea kwa bahati nasibu. Wanachuo walisikitika kidogo, kwa kuwa walikuwa wamekwisha mchagua mshindi. Niliwaambia kwamba hilo nalo ni jibu, na kwamba mtoto wa Nyabusozi anastahili mwalimu asiyetangaza ushindi kabla ya kupima.

Tangu muhula huo nimeibadilisha sehemu ya mwisho ya taarifa. Mahali pa "Matatizo" pana safu tatu: nilidhani nini, nilijaribu nini, niliona nini. Wanachuo walilalamika kwamba ni ngumu kuijaza. Ni ngumu kweli, kwa kuwa haina nafasi ya jina la mtu.